Sampuli ya Kifuu

Nyumba yenye mjane wa eda hainukii udi. Chetezo huwekwa kando, asumini haichumwi, na chupa ya mafuta mazuri hufungiwa kabatini mpaka miezi minne na siku kumi iishe. Nyumba yetu pale Gazi, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, ilinukia grisi. Ilikuwa grisi nzito, nyeusi, ya gurudumu la gari, na harufu yake ilishika mapazia, ikashika mito, ikashika hata wali. Wanawake waliokuja kumpa mama mkono wa pole walikaa mkekani kwa kuchagua mahali, wakavuta leso zao puani kwa adabu, na walipofika nje niliwasikia wakinong'ona kwamba msiba umemwingia maskini kichwani. Msiba ulikuwapo, wala hakuuficha. Kila asubuhi nilimkuta ameikunjua kanzu moja ya baba na anaikunja tena. Lakini grisi ilikuwa jambo jingine, na nataka kulieleza mimi mwenyewe, kwa sababu mpaka leo jamaa zetu hulisimulia vibaya.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua dikoni kwa wavuvi wa Gazi na wa Bodo, akapakia kwenye masanduku ya barafu, akawapeleka majikoni mwa hoteli za Diani kabla jua halijakuwa kali. Gari lake lilikuwa pikapu kuukuu lililonizidi mimi umri na kuizidi ndoa yake. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba, taa moja ilikuwa na kioo cha gari jingine, na kila mtu aliyelicheka alijibiwa neno lile lile: si linakwenda? Wiki mbili kabla ya kufa kwake halikwenda. Beringi ya gurudumu la mbele upande wa kushoto ilivunjika. Kwa asiyejua, beringi ni pete nene ya chuma yenye gololi ndani, nayo hukaa katikati ya gurudumu ili lizunguke bila kusagika. Tundu lake la kati huvaa ekseli, na ukingo wake wa nje hukaa ndani ya chuma kizito chenye shimo, kiitwacho habu. Baba alilikalisha gari juu ya mawe bandani, akalitoa gurudumu, kisha homa ikamshika, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoianza.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, Maalim wa msikitini alikaa barazani na kugawa mirathi. Mimi ni mtoto wa pekee, tena wa kike, kwa hiyo nilipata nusu, na nusu yangu ikawa nyumba. Mama alipata thumni, sehemu moja katika nane. Kilichobaki kilikuwa cha Ami Hamisi, ndugu yake baba, aliyekuwa na shamba na nyumba ya matofali huko Matuga. Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila Ijumaa na mkungu wa ndizi, akalia makaburini kuliko watu wote, na alipotuambia twende tukakae kwake alikuwa ametutengea chumba kweli. Ila alisema mambo yale kama mtu anayetangaza saa ya swala. Haikumpitikia kuuliza.

Maalim alipomuuliza mama angependa thumni yake iwe katika nini, minazi au jokofu, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia bila kutetemeka. "Nipeni lile gari."

Barazani mtu akacheka puani. "Shemeji," alisema Ami kwa upole, "gari lenyewe liko juu ya mawe. Utalifanyia nini?"

"Nitaliendesha."

Sasa walicheka wote, hata Maalim alikohoa kuficha lake. Ami alisubiri kicheko kipite, akasema tu, "Mkataa pema, shemeji," akaacha methali njiani, maana kila mtu aliijua iliyobaki. Mama naye hakukawia. "Na mtumai cha ndugu, shemeji," akajibu, naye akaiacha yake pale pale. Nilikuwa nimekaa karibu naye nyuma ya pazia, na niliona mikono yake ikiwa imeshikana sana mapajani.

Walikubaliana hivi, na Maalim akawa shahidi. Gari lingekuwa la mama. Lakini siku atakapotoka eda, ikiwa bado halitembei, mnunuzi wa vyuma chakavu angelichukua kwa uzito wake, na sisi wawili tungehamia Matuga. Kwa uzito wake: neno hilo lilimwudhi mama kuliko kicheko. Mimi nilikuwa na hasira zangu. Nilimpenda Ami na niliichukia nyumba yake, kwa sababu nilishamwona shangazi mmoja mjane akikaa humo, akiomba ruhusa ya kuchemsha maji. Kuhamia Matuga kulikuwa na maana moja tu kwangu: mama angegeuka mgeni wa kudumu katika jiko la mwanamke mwingine, nami ningejifunza kushukuru kwa kila sahani.

Hakuna aliyejua, ila mimi, kwamba mama alijua kuendesha. Baba alimfundisha kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, siku za Jumapili asubuhi, yeye akishika usukani na baba akishika moyo. Mwishowe alimpeleka akafanya mtihani akapata leseni, ikakaa ndani ya sanduku la nguo pamoja na cheti cha ndoa. Kwa hiyo kilichokosekana kilikuwa beringi moja.

Mama alishika eda yake barabara. Hakuvuka kizingiti, hakujipamba, na alipozungumza na mwanamume asiye maharimu wake alizungumza nyuma ya pazia. Hakuna aliyeweza kumkuta na kosa, na nadhani hilo liliwachosha wengine. Alimwita Fundi Nyawa, aliyekuwa na karakana chini ya mkorosho huko Msambweni, mzee mwembamba, mstahiki, aliyenawa mikono kabla ya kugusa gari la mtu. Fundi alikagua, akatoa beringi iliyovunjika, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akasema ni kazi ya siku moja. Tulikwenda naye Ukunda. Katika maduka ya spea huko neno la kwanza unaloulizwa si salamu, ni sampuli. Iko wapi sampuli? Unatoa chuma chako kibovu kwenye karatasi, muuzaji anakigeuza, anakilinganisha na vilivyo rafuni, na kikifanana mmemaliza. Namba iliyochongwa kwenye beringi yetu ilikuwa imesagika, lakini sura yake ilikuwapo. Tulipata iliyofanana nayo kwa kila hali, tukarudi tukiimba.

Haikukaa. Kwenye ekseli ilivaa vizuri, lakini ndani ya habu ilicheza. Ukilitikisa gurudumu lilijibu. Fundi Nyawa alitema mate kando, akasema ni feki, siku hizi vitu vyote ni feki. Tulirudi Ukunda, tukaingia duka jingine, tukaweka sampuli juu ya meza, tukapewa nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Nayo ikacheza. Fundi alitafutiwa ya tatu na mpwa wake kutoka Mombasa, ikachukua wiki tatu kufika, ikacheza kuliko zote. Mwezi wa tatu wa eda ulikuwa umeisha. Ami alipokuja na ndizi zake nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapita bandani akaligusa gari kwa ncha ya kiatu. Hakusema kitu. Ningefurahi kama angesema.

Siku hiyo hiyo Fundi alisimama nje ya dirisha la mama akajieleza, kwa aibu ya mtu mzima aliyeshindwa na kazi. "Bibie, mimi naona tusijichoshe. Tuizungushie bati jembamba pale nje, ishike. Magari mengi yanatembea hivyo."

"Umesema bati?" aliuliza mama.

"Bati, bibie. Hata la kopo."

Mama aliinamisha kichwa mpaka nikadhani analia. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, na hakikuwa cha furaha peke yake. Aliniagiza nimletee kopo la samli lililokuwa juu ya kabati la vyombo, lile alilowekea vifungo. Mdomoni pake palikuwa pamekatwa ukanda mrefu, umenyooka, kazi ya mkasi. Kwa miaka alikuwa amemlaumu baba kwa kuliharibu kopo lile, na kwa miaka baba alikuwa amejibu kwamba lilikatika lenyewe. Sasa alilielewa. Ile beringi iliyovunjika haikuwa ya gari lile hata siku moja. Baba hakuipata ya sawa, akachukua iliyokaribia, akaizungushia ukanda wa kopo la samli, akaipachika, gari likaenda. Miaka ikapita, bati likaoza, beringi ikacheza mpaka ikapasuka. Na sisi tulikuwa tumeibeba kutoka duka hadi duka kama amana, tukitafuta pacha wa kosa.

Nakiri kwamba siku ile nilimkasirikia baba, na kumkasirikia marehemu ni kitu kinachomtisha mtoto. Mama hakumkasirikia. Alisema alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Lakini bati hakulitaka. Fundi alimsihi, akamwambia ni kwa muda tu, akamwambia heri nusu shari. Akajibiwa kwamba bati ndilo lililovunja, na kwamba hataanza maisha yake na kiraka cha mtu mwingine. "Usinipimie kilichotoka, fundi," alisema. "Nipimie shimo."

Fundi hakuwa na kipimo cha shimo zaidi ya futi ya mbao, na futi ya mbao haiwezi kazi ya unene wa ukucha. Basi mama aliagiza habu iletwe ndani. Niliibeba kifuani, nikachafua gauni la shule, nikaiweka juu ya gunia sebuleni. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kunukia grisi. Mama alichagua kifuu kikavu cha nazi katika vile vya kuwashia moto, akakikata kwa kisu na nyundo kikawa mfano wa kisahani, akakaa chini akaanza kukisugua ukingoni juu ya jiwe la kunolea. Anasugua, anakijaribu ndani ya shimo la habu, anakitoa, anasugua. Wanawake wa kwetu wamechonga pawa za kifuu tangu hapo, na mkono wake ulijua kikomo cha ugumu ule. Kikiingia kwa kulazimishwa, bado. Kikilegea, kimeharibika, chukua kingine. Vitatu viliharibika. Zamu yangu ilikuwa kulowesha jiwe na kufagia vumbi la kahawia, na vidole vyangu viliota malengelenge. Cha nne kilizama kwa kusukumwa na kidole gumba, na mama alipoipindua habu juu chini, hakikuanguka.

Fundi Nyawa alikitazama, akakubali kwamba ni kipimo, na akakataa kwenda nacho. Alisema yeye ni fundi, ana jina Ukunda, hawezi kuingia dukani na kifuu. Sikumlaumu sana, aibu ya utu uzima ni mzigo. Nikaenda mimi, peke yangu, na kikapu chenye vitu viwili: beringi mbovu na kifuu. Mama alinisimamisha mlangoni, yeye akiwa ndani ya kizingiti na mimi nje. "Eda imefunga miguu yangu, haijafunga yako," alisema. "Usirudi na kinachokaribia."

Duka la kwanza walinifukuza. La pili walicheka, wakaniuliza kama nauza nazi. La tatu lilikuwa la kijana wa bara aliyeitwa Mwangi, mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, na yeye naye alicheka, tena akamwita jirani aje aone. "Kasiste, hapa ni spea. Miiko nenda soko. Sampuli iko wapi?"

Nilimwambia sampuli ni mbili. Tundu la kati lifanane na hii ya chuma, na ukingo wa nje uwe sawa na hiki kifuu. Nilisema kwa Kiswahili chote nilichofundishwa, pole pole, kama ninasoma darasani, maana nilikuwa karibu kulia na sikutaka ajue. Mwangi alichukua kipimo chake cha taya za chuma, kwa mzaha kwanza, akakibana kifuu. Akakizungusha akakibana tena. Akakizungusha mara ya tatu, na jirani yake alipoendelea kucheka akamwambia anyamaze.

"Hii imetoshana kila side. Nani amekutengenezea?"

"Mama."

"Ni fundi?"

"Hapana. Yuko eda."

"Eda ndio wapi? Ni huko Vanga?"

Nikamwambia ni mbali kidogo. Akasema akirudi huko apitie dukani, kuna kazi. Kisha akapanda ngazi, akashusha maboksi mapya mawili yasiyofaa, akaingia stoo ya nyuma, na nilisikia vyuma vikigongana kwa muda uliotosha kumaliza Yasini. Alitoka na beringi iliyofungwa kwa karatasi ya mafuta, ya zamani lakini haijatumika, tundu lake sawa na chuma changu, ukingo wake sawa na kifuu cha mama. Nilikagua mwenyewe. Niliviweka kimoja juu ya kingine nikapitisha ukucha pembeni, kama nilivyoelekezwa, na ukucha haukukwama popote.

Fundi Nyawa alipoigonga ikaingia, ilitoa mlio mmoja mfupi ikatulia. Alilitikisa gurudumu kwa mikono miwili, na gurudumu halikujibu. Alikwenda akasimama nje ya pazia, akavua kofia yake. "Bibie, uniwie radhi," alisema. Mama akamwitikia kwamba radhi anayo, na chai iko barazani.

Siku ya kutoka eda mama alioga alfajiri, akavaa buibui jipya, akafukiza nyumba nzima mpaka nikapiga chafya. Ami alifika asubuhi na lori la mnunuzi wa vyuma, na wanaume wawili wenye minyororo. Sidhani kwamba alikuja kwa ubaya. Alikuja kwa sababu tarehe ilikuwa imefika. Walilikuta gari limetolewa bandani, limeshaoshwa, mama ameketi kwenye usukani na mimi nimesimama nyuma nimeshika chuma. Akaliwasha. Lilikohoa mara mbili likashika. Yule mnunuzi alimtazama Ami, Ami akatazama magurudumu, moja moja, yote manne. Mama aliinamia dirishani akamwambia, "Shemeji, karibu ndani nikurudishe Matuga. Lori la watu lina kazi nyingine."

Alipanda. Angefanya nini, mbele ya wanakijiji wote? Kutoka Gazi mpaka Ukunda alishika ile kamba ya mlango kwa mikono miwili. Tulipita Tiwi, tukapita Waa, na huko Waa mama alilipita basi moja, na Ami akasoma dua kwa sauti. Alipofika kwake alishuka, akalizunguka gari, akaja dirishani. "Ndugu yangu ndiye aliyekufundisha," alisema, na ilikuwa nusu swali. Mama akajibu kwamba ndiye. Ami akalia pale pale uani kwake, na ninaamini mpaka leo kwamba alilia kwa mambo mawili kwa pamoja. Jamaa husimulia kwamba mama alimwaibisha shemeji yake. Mimi nilikuwapo. Alimpa heshima ya kumrudisha nyumbani, na hakuomba chochote.

Kesho yake alikwenda dikoni, na akaendelea kwenda miaka kumi na moja, mpaka chasisi ilipokatika kwa kutu na gari likafa kifo chake lenyewe. Mimi nikasoma kwa samaki hao. Sasa ninakaa Ukunda, ninafundisha, na gari langu pia si jipya. Likiharibika napiga picha kwa simu, natuma Mombasa, na kabla ya adhuhuri naulizwa namba ya chasisi na rangi ya boksi. Ni rahisi, wala siutamani ule ugumu wa zamani. Watu wanaoutamani hawakufagia vumbi la kifuu. Lakini wauzaji bado wanadai sampuli, na nusu ya vitu wanavyotuma bado havikai, na mimi huvirudisha vyote, hata wakiniita msumbufu.

Mwaka jana mume wangu alifariki, nami nikakaa eda. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alihamia chumbani kwangu, na binti yangu wa miaka kumi na mitano akawa mlangoni akipokea wageni. Wiki ya tano shemeji yangu alikuja kutoka Lunga Lunga, mtu wa heshima, mwenye huruma ya kweli. Hakuleta lori wala minyororo. Alileta simu, akampa binti yangu aipitishe nyuma ya pazia tuone picha za vyumba viwili alivyovipaka rangi kwa ajili yetu, kimoja cha samawati, kingine cha waridi, vitanda vimeshatandikwa. Akasema mambo yote yamepangwa, na shule ya huko ameshaizungumza. Nilifungua mdomo kujibu, na mama akanigusa goti ninyamaze. Binti yangu alikuwa bado ameishika simu. Aliitazama ile picha ya chumba cha waridi kwa makini, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama tena.

"Ni kizuri, ami," alisema. "Kitafutie mpangaji."

Shemeji aliichukua simu yake, akaizima, akasema chai imepoa. Nikamwambia binti yangu amwongezee ya moto, maana njia ya Lunga Lunga ni ndefu, na alikuwa anarudi peke yake.